Si kitu kwako?

Likizo ya Agosti niliwapeleka watoto wa shule ya Jumapili Nyali, kuuona mnara wa ukumbusho wa Krapf. Watoto kumi na tisa, watu wazima watatu, na kapu la mahamri lililokuwa limeshapungua nusu hata kabla hatujavuka daraja. Tulipofika niliwakalisha kivulini, nikawasimulia kama nilivyosimuliwa mimi nikiwa na umri wao. Kwamba Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na wamisionari wa Kanisa la Uingereza, alihamia Mombasa mwaka 1844 pamoja na mkewe Rosine. Kwamba Julai ya mwaka huohuo Rosine alijifungua mtoto wa kike, homa ikamshika, akafa, na siku chache baadaye kichanga naye akamfuata. Krapf mwenyewe alikuwa taabani kwa homa. Wakazikwa huku ng'ambo ya kisiwa. Na mwaka huohuo ndio aliokuwa ameanza kukitia kitabu cha Mwanzo katika Kiswahili.

Msichana mmoja wa miaka tisa, ambaye hasemi mpaka aulizwe, akanyosha mkono.

"Mwalimu, hawa si walikuja kwa kazi ya Mungu? Sasa mbona Mungu hakumwangalia mama na mtoto?"

Nikamjibu upesi, bila kufikiri, kama mtu anayefukuza nzi: "Kazi ya Mungu haina makosa."

"Haya," akasema. Akainamisha kichwa, akawa anafungua na kufunga kifuniko cha chupa yake ya maji.

Ile "haya" ndiyo iliyonikosesha usingizi. Naijua. Mimi mwenyewe niliwahi kuitamka, nikiwa na miaka minane, nimesimama nyuma ya kiti cha mamangu.

Ijumaa ya tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipinduka ikiwa imesheheni abiria. Watu 272 wakafa. Mjomba wangu, ndugu wa pekee wa mamangu, alikuwa ndani. Alikuwa kibarua bandarini na mwimbaji wa kwaya, sauti ya besi, na ndiye aliyenifundisha kuhesabu meli zinazoingia Kilindini kwa rangi zao. Alipopatikana ilikuwa siku ya tatu. Uani kwetu kulijaa watu, Wakristo na Waislamu, kwa kuwa mtaa mzima ulikuwa na matanga, na mengine yalikuwa nyumba ya pili tu. Kila aliyeingia alimshika mamangu mkono akamwambia: "Pole, mama. Kazi ya Mungu haina makosa." Naye akajibu: "Haya." Siku zile nililisikia neno hilo la kazi ya Mungu mara nyingi kuliko nilivyolisikia jina la mjomba.

Siwalaumu. Mtu akiwa mbele ya msiba mkubwa namna ile hutafuta neno la kushika, na hilo ndilo lililo karibu na mkono. Lakini nimekaa kanisani miaka yote hii nikiona linavyofanya kazi. Hulisemi ili kumfungulia mtu mlango. Unalisema ili mazungumzo yaishe. Na tunalisindikiza na Ayubu, "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa," ambalo liko sura ya kwanza, kana kwamba kitabu kinaishia hapo. Ukifungua sura ya tatu, Ayubu huyohuyo anailaani siku aliyozaliwa. Toka hapo ni maswali matupu, sura kwa sura, mengine makali kiasi kwamba kwetu angeitwa ofisini kwa mchungaji. Rafiki zake ndio waliomtetea Mungu. Na mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia hao rafiki, anasema hawakunena yaliyo sawa juu yake kama alivyonena Ayubu. Nilikuwa nimekisoma kitabu hicho mara nyingi bila kukiona kile kilichoandikwa mwishoni mwake.

Basi nikaenda kwa mchungaji, nikamwomba ruhusa. Jumapili mbili mfululizo tuliweka kikapu karibu na mlango, karatasi na kalamu pembeni, na tangazo moja: andika unalotaka kumwuliza Mungu, usiandike jina. Nilitarajia karatasi kumi. Zilikuja arobaini na tatu.

Nilizisoma usiku, peke yangu, feni ikizipeperusha mpaka nikaziwekea vikombe juu. Nilidhani nitakuta maswali ya wanafunzi, dinosaria na Adamu, au mke wa Kaini alitoka wapi. Yalikuwepo mawili ya namna hiyo. Kuna aliyeuliza mbu aliumbwa wa nini, nikatabasamu, kisha nikakumbuka ni kitanda gani cha nyumba gani kiliachwa wazi na malaria mwaka juzi, na kwamba huenda mwandiko ule ni wa nyumba hiyo. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kama Mungu yupo. Arobaini na tatu, na hakuna. Walichouliza, kwa maneno mbalimbali, ni kama anajali.

Karatasi moja ilikuwa ukurasa wa daftari la hesabu, umekunjwa mara nne. Nauandika hapa kwa ridhaa ya mwenyewe, ambaye baadaye alinijia. "Nilipojifungua mwanangu wa kwanza nilikuwa mahututi wiki tatu. Jirani yangu ndiye aliyemnyonyesha, pamoja na wake. Yeye ni Mwislamu. Mpaka leo mwanangu anamwita Mama. Bwana, tukifika huko, utanitenga naye?"

Asiyeishi Mombasa hawezi kuupima uzito wa swali hili. Kwa mtu wa mbali ni mjadala wa dini. Kwetu ni ukuta mmoja wa chumba, choo kimoja cha uani, kamba moja ya kuanikia nguo. Kwa sheria yao, mtoto aliyenyonya ziwa la mama yule amekuwa ndugu wa wanawe, hata kuoana hawaoani. Mwezi wa Ramadhani sahani ya futari inakuja imefunikwa kawa, viazi vya nazi na kaimati, na hairudi tupu. Krismasi sisi tunapeleka. Kisha Jumapili mhubiri mgeni anasimama mimbarani na kuelezea moto kwa furaha, na mwanamke huyu ameketi safu ya nne akijua ni nani anayetajwa. Nafahamu mafundisho ya kanisa langu, na sikusudii kuyapindua hapa. Nasema tu kwamba mtu anayeelezea moto bila machozi hajawahi kunyonyeshewa mtoto. Na swali lile halikuandikwa na mtu aliyepoteza imani. Limeandikwa na mtu anayeiamini mbingu sawasawa, ndiyo sababu linamuuma.

Nyingine ilisema: "Nilipanda mbegu ya shilingi elfu ishirini, nimekopa kwenye chama. Niliambiwa nisubiri siku arobaini. Bwana, uliipokea wewe au aliipokea mwingine?" Hili nitalijibu mwenyewe. Ilipokelewa kwenye simu ya mwingine. Swali hili si la Mungu, ni la mhubiri, na aulizwe yeye, mchana, mbele ya watu.

Kisha hii, kwa kalamu nyekundu: "Wale wa Shakahola walifunga wakiita jina lako. Watoto walikuwa na njaa. Mbona hukuwaletea hata kunguru, kama Eliya?"

Nilisimama nikaenda dirishani. Aprili 2023 ndipo makaburi yalipoanza kufukuliwa katika msitu ule wa Kaunti ya Kilifi, na hesabu ikapita miili 400. Watu waliokuwa wameambiwa wafunge mpaka wafe ili wamwone Yesu. Kesi zimesikizwa hapa kwetu, katika mahakama za Mombasa na Shanzu, na sheria ina maneno yake. Mimi nina moja tu: mahali ambapo kuuliza kunaitwa kukosa imani, mtu mwenye sauti kubwa anaweza kukupeleka popote. Lakini jibu hilo linahusu watu wazima. Kuhusu watoto na kunguru sina neno. Katika kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 17, kunguru walimletea Eliya mkate na nyama asubuhi na jioni. Nimeisoma tena hadithi hiyo tangu siku ile na siwezi kuipita kama zamani.

Na moja fupi, mwandiko wa mtu mzima: "Ule mwaka wa Likoni. Nakushukuru kwa mtoto. Na mamake je?" Hapa Mombasa hakuna anayehitaji kuelezwa. Jumapili ya 23 Machi 2014 watu wenye bunduki walivamia kanisa Likoni wakati wa ibada. Sita walikufa. Kitoto cha mwaka mmoja na nusu kilinusurika na risasi ndani ya kichwa, madaktari wakaja kuitoa Nairobi, na mama aliyekibeba hakupona. Nchi nzima ilimshukuru Mungu kwa muujiza ule, na ilikuwa haki. Ila kuna mtu alikaa miaka yote na nusu ya pili ya sala hiyo, hana pa kuipeleka.

Nilipompelekea mchungaji bahasha, alisoma zote nimeketi mbele yake, akavua miwani, akasema tusizijibu. Tuzisome. Mimbarani, Jumapili, kama tunavyosoma maombi mengine, na baada ya kila moja kanisa liitikie: "Bwana, twakuuliza." Sikuwa nimefikiria hivyo. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuandaa majibu.

Mzee mmoja wa kanisa akapinga, na napenda kumtendea haki, kwa sababu si mtu wa maneno mepesi. Alifungua Kumbukumbu la Torati 29:29, mambo ya siri ni ya Bwana, Mungu wetu. Akasema: "Mwanangu, mtoto hamwulizi babake mbele ya wageni. Kuna vijana wanaoingia kanisani mara moja kwa mwaka. Wakisikia haya watasema hata wenyewe hawana hakika." Nikamjibu kwa adabu, kwa kuwa ni mtu wa marika ya babangu, kwamba Habakuki alianza kitabu chake kwa "Ee Bwana, nilie hata lini, wewe usitake kusikia?" na hakikutolewa kwenye Biblia. Kwamba Gideoni alimwuliza malaika, ikiwa Bwana yu pamoja nasi, mbona mambo haya yote yametupata. Kwamba ile Zaburi ya 88 inaishia gizani, na Wayahudi na Wakristo wameiimba hivyo hivyo bila kuiongezea mstari wa kufariji. Akatikisa kichwa. "Hao walikuwa manabii," akasema. Hatukuelewana, na mpaka leo hatujaelewana.

Wiki hiyo nilikwenda kwa mamangu Mtongwe kuazima Biblia yake, kwa sababu ina herufi kubwa na mimi macho yameanza. Ni ile ya Union Version, jalada jeusi limebanduka kwenye mgongo na kushonwa kwa uzi wa kushonea viatu. Nilikuwa nikitafuta Marko 4, dhoruba baharini, ili iwe somo la siku. Mstari wa 38: "Naye mwenyewe alikuwapo katika shetri, amelala juu ya mto, wakamwamsha, wakamwambia, Mwalimu, si kitu kwako kuwa tunaangamia?"

Napenda sana lile neno shetri. Walioitafsiri hawakuandika "nyuma ya mashua" tu. Walichukua neno la mabaharia wa pwani hii, la watu wa majahazi wanaojua omo ni wapi na shetri ni wapi, ambapo nahodha hukaa na usukani. Yesu amelala penye usukani. Na wanaomwamsha, baadhi yao ni wavuvi. Si watu wa bara wanaopiga kelele feri ikiyumba kidogo. Ni watu wanaojua ni wimbi gani linapita na ni lipi linakuja na mauti. Wala hawamwulizi yeye ni nani, hilo linakuja baadaye, bahari ikiwa shwari. Wanachomwuliza ndicho walichoandika watu wangu arobaini na tatu.

Pembeni mwa mstari huo, kwa penseli iliyokaribia kufutika, kulikuwa na mwandiko wa mamangu. Maneno manne: "Na ile ya Mtongwe?" Chini yake tarehe, 8/5/94.

Alikuwa jikoni akikuna nazi. Nilisikia mbuzi ikikwaruza, mwendo uleule, haraka na kusimama, haraka na kusimama. Nilikaa na ile Biblia mapajani. Siku tisa baada ya feri kuzama, mamangu alikuwa amefungua Marko 4 peke yake, akauliza, kisha akafunga kitabu, akaendelea kuwajibu watu "haya" kwa miaka thelathini.

Sikumwuliza. Nilimwambia tu tutafanya nini Jumapili, na somo ni lipi. Mbuzi ikanyamaza kidogo. "Sawa," akasema, "uje unichukue mapema, feri Jumapili hujaa."

Nimeifikiria mashua ile sana. Yesu aliamka, akaukemea upepo, akaiambia bahari inyamaze. Baada ya hapo ndipo akawageukia: "Mbona mmekuwa waoga? Hamna imani bado?" Aliwakemea, ndiyo, sitaificha. Lakini aliwakemea kwa woga, na swali lao la kwanza, lile la "si kitu kwako," hakulijibu kwa neno lolote. Aliinuka tu. Hilo latosha kwa waliokuwa kwenye mashua ile. Kwa feri ambayo hakuna aliyeinuka, halitoshi, na sitaki kulilazimisha litoshe.

Kwa mamangu naona karibu zaidi Martha, aliyefiwa na kaka. Yesu alipata habari kwamba Lazaro ni mgonjwa, akakaa siku mbili zaidi pale alipokuwa. Alipofika, Martha akamwambia usoni: "Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa." Mariamu akatoka naye akasema maneno yaleyale, neno kwa neno. Hapo unajua dada hawa walikuwa wakiyasema usiku kucha, wawili, kabla hajafika. Yesu hakueleza sababu ya kuchelewa. Alilia. Ndipo akaenda kaburini. Najua Lazaro alifufuliwa na mjomba bado yuko Mtongwe chini ya mwarobaini. Nasubiri ufufuo kama ninavyoungama kila Jumapili, na nausubiri kwa dhati. Lakini kabla ya jiwe kuondolewa kulikuwa na Mungu aliyesimama njiani akilia na watu waliokuwa wamemlaumu, na huyo naweza kumwendea na karatasi arobaini na tatu.

Jumapili ilifika. Kabla ibada haijaanza nilimtafuta yule msichana, nikachuchumaa, nikamwambia swali lake la Nyali lilikuwa zuri, na jibu langu lilikuwa baya, na kwamba mimi pia nauliza. Akanitazama. "Kwa hivyo hujui?" "Sijui." Akafikiri. "Na Krapf alijua?" Nikamwambia sidhani.

Tukasoma. Tulipokezana, mchungaji, mimi, na kijana mmoja wa kwaya. Mwanzoni mwitikio ulikuwa wa watu wachache wenye haya. Ya mbu ilichekesha, kisha kicheko kikakatika chenyewe. Iliposomwa ile ya mama wa kunyonyesha, wanawake walisema "Bwana, twakuuliza" kabla ya wanaume, kwa sauti ambayo sijaisikia katika kanisa letu hata siku ya Pasaka. Ya Shakahola ilifuatwa na kimya kirefu, mwitikio ukachelewa, ukaja chini chini.

Tulipomaliza, mchungaji aliuliza kama kuna aliyebaki nalo moyoni. Mamangu akasimama. Si mtu wa kusimama. Ana miaka sabini na moja na goti moja bovu, akashika kiti cha mbele.

"Mimi nina ndugu," akasema. Hakusema nilikuwa na ndugu. "Aliimba besi pale," akaonyesha kwa kidevu upande wa kwaya. "Bwana, mashua ile uliamka. Na ya Mtongwe je? Sijakuuliza mbele za watu. Leo nakuuliza."

Kanisa likasema: "Bwana, twakuuliza." Nilimwona yule mzee aliyepinga, midomo yake imefumbwa. Mlangoni aliniambia hataki jambo hili lifanywe tena mwaka ujao, kisha akamwuliza mamangu hali ya goti.

Tulirudi kwa feri ya saa nane, jua kali, imejaa kweli. Watu walimpisha mamangu akae, akakataa. Huwa hakai kwenye feri. Husimama pembeni karibu na maboya, mkono mmoja kwenye chuma, macho kwenye maji, na midomo inacheza. Toka utoto nilidhani anaomba tuvuke salama. Safari hii nilisogea karibu, na injini ilipopunguza mlio nikasikia. Alikuwa anamwuliza tena, taratibu, kama mtu anayeendeleza mazungumzo yaliyokatizwa na mgeni. Mlango wa feri ukagonga zege la Likoni, watu wakaanza kusukumana kutoka. Akanishika mkono. "Twende," akasema, "nazi niliiacha wazi."